Bega la Mtu wa Mbele

Mwanaume mzima wa miaka hamsini na saba anajipaka dawa ya kuchua mgongoni kwa mwiko. Msicheke. Ukiwa peke yako chumbani, bega la kulia limegoma kunyanyuka, na panapouma ni nyuma kabisa, mahali mkono wa kushoto haufiki hata ujinyonge, utafanyaje? Utamwita jirani aje akupake? Huyu hakumwita mtu. Alichukua mwiko, akaufunga kitambaa kwenye ncha, akauchovya kwenye dawa, akaanza kujitafuta mgongoni. Nusu ya dawa iliishia kwenye shuka.

Kuvaa shati nako ilikuwa kazi ya robo saa. Kwanza alitandika shati kitandani, akaingiza mkono wa kulia huku ameinama, halafu akainuka taratibu huku anauma meno, ndipo akauzungusha wa kushoto. Mke wake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Mwanawe wa kike ameolewa mbali, hupiga simu, huuliza "Baba, hujambo?", naye hujibu "Sijambo, mwanangu," hata kama wakati huo mkono mmoja umekwama ndani ya shati.

Kazini walimwita Kichwa. Si kwamba alikuwa na kichwa kikubwa, wala akili nyingi kuliko wenzake. Alifanya kazi kwenye duka la vioo, na kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyetangulia wakati wa kubeba. Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili. Kinasimamishwa upande wa kulia wa wabebaji, mkono wa kulia unaning'inia na kukishika kwa chini, wa kushoto unavuka kifuani kukizuia kisiyumbe. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wote wanatazama wanakokwenda. Wa mbele aliitwa Kichwa, wa nyuma aliitwa Mkia, na majina hayo yaliwaganda hadi wake zao wakayazoea.

Huyo Mkia alikuwa mfupi, na alikuwa na mdomo, jamani! Alisema tangu asubuhi mpaka jioni. Alikisimulia kioo chenyewe habari za bei ya viatu, akawasalimia watu walio ghorofani, akabishana na mpira uliochezwa juzi. Mwanzoni Kichwa alijaribu kumsikiliza, lakini siku moja Mkia alipiga kelele "Simama!" katikati ya hadithi ndefu, na Kichwa akadhani ni sehemu ya hadithi. Nusura waingie ukutani. Tangu hapo wakakubaliana kwamba maneno ya Mkia hayahesabiki. Kinachohesabika ni pete. Mkia alivaa pete ya ndoa, akawa anakigonga kioo kwa ile pete, na mlio wake ulikuja ndani ya kioo mpaka kwenye kiganja cha Kichwa. Mlio mmoja: simama, sijashika vizuri. Miwili: tua chini. Mitatu: twende.

Wa mbele hagongi, na wa mbele hageuki. Ukigeuka na kioo mkononi, umekivunja. Basi Kichwa alitembea miaka ishirini na sita akimwamini mtu asiyemwona, na wala hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo kubwa. Lilikuwa ni kazi tu.

Alipofiwa na mke, shemeji yake, yaani mke wa Mkia, alimwambia, "Jumapili usikae peke yako, uje hapa." Akaenda Jumapili moja, akaenda ya pili, ikawa ndiyo hivyo. Palikuwa na kiti chake karibu na dirisha. Kilikuwa na mguu mmoja mbovu, na watoto wa nyumba ile walijua hakikaliwi na mwingine. Mkia anasema, shemeji anamkatiza, Kichwa anacheka tu. Kwa zaidi ya miaka minane hiyo ndiyo iliyokuwa familia yake ya karibu.

Sasa ilikuwa miezi saba hajakanyaga pale, na sababu alikuwa anaijua yeye mwenyewe.

Bega lilipomzidi alikwenda hospitali, akapigwa picha, akaambiwa hakuna kilichovunjika. Akapewa vidonge. Vidonge vilipoisha, maumivu yakaendelea pale pale yalipokuwa yameachia. Ndipo akakumbuka ofisi moja ambayo yeye na Mkia waliwahi kuiwekea mlango wa kioo. Juu yake paliandikwa "Osteopathi: tiba ya viungo na misuli kwa mikono." Siku ile ya kuweka mlango Mkia alilisoma neno lile la kwanza mara tatu, akasema hilo si jina la tiba, hilo ni jina la treni, tena la mizigo. Walicheka mpaka kioo kikatetemeka.

Kichwa alifika pale Jumatano, akasimama nje kwanza. Kwenye kona ya chini ya mlango, ndani ya ule mpira mweupe wa kuzibia, palikuwa na alama ya dole gumba. Ilikuwa ya Mkia. Kila kioo alichoweka aliacha dole lake pale chini, akisema hiyo ndiyo sahihi yake, nyie wenye kalamu endeleeni na kalamu zenu. Kichwa aliitazama, akajifanya anafuta viatu, akaingia.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mifupi minene, nywele amezifunga nyuma, sauti ya mtu asiye na haraka.

"Karibu, baba. Nikwambie tu mapema, mimi si wa sindano, na siahidi miujiza. Nashika, nanyoosha, nauliza maswali. Ganzi vidoleni unayo? Kifua kinabana?"

"Hapana, daktari. Ni bega tu."

"Hakuna bega tu," alisema. "Bega limefungwa kwenye mtu. Lilianza lini?"

"Miezi saba iliyopita. Tulivunja kioo kazini."

Akaandika. Akamwomba avue shati. Alipoona anavyohangaika, hakumrukia kumsaidia, aliuliza "Nikusaidie?" akangoja mpaka Kichwa aliposema ndiyo. Kisha akamwambia atembee hadi dirishani na kurudi, naye akamfuata kwa nyuma akimtazama anavyokanyaga. Walipofika katikati ya chumba, alitaka kusikia uti wa mgongo ukoje, akamgonga kwa ncha ya kidole, mara moja.

Kichwa akasimama. Alisimama kabisa, mguu mmoja haujatua vizuri.

"Endelea tu, baba."

Lakini Kichwa hakusikia maneno. Maneno yanayotoka nyuma alishayazibia masikio zamani. Mtaalamu akashuka kidogo kiunoni, akagonga mara mbili, na loo! Mzee akakunja magoti polepole, bega la kulia likashuka, mkono wa kulia ukaenda chini kwa uangalifu mkubwa, akatua sakafuni kitu ambacho hakikuwepo.

"Ebo! Baba, unafanya nini huko chini?"

Aibu ilimshika pale pale, amechuchumaa tumbo wazi mbele ya mama wa watu. Alijaribu kuinuka, bega likamchoma, ikabidi ashikwe. Ndipo akalazimika kueleza habari za kioo, pete, milio mitatu, na yule mwenzake mwenye mdomo. Mtaalamu alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, na Kichwa naye akacheka. Alikuwa hajacheka na mtu kwa miezi mingi, na kicheko kilimtoka kama kikohozi.

"Mwenzako alikuwa mfupi," mtaalamu akasema alipokwisha jifuta macho.

"Umejuaje?"

Akamsimamisha mbele ya kioo cha ukutani. "Tazama hapa. Bega la kulia liko chini ya la kushoto, karibu vidole vitatu. Goti la kulia hulinyooshi. Mkono wake uliishia chini kuliko wako, kwa hiyo ili kioo kikae sawa, wewe ndiye uliyeshuka. Miaka mingapi umesema?"

"Ishirini na sita."

"Basi umekuwa ukijikunja miaka ishirini na sita ili ulingane na mtu mwingine. Na bado unajikunja. Sasa unabeba na nani?"

Sasa alibeba na mtu mpya, mrefu kama yeye, mkimya, anayetumia vishikio vya mpira vinavyonyonya kioo. Hagongi chochote. Kila siku alilalamika, "Mzee, nyoosha bega, kioo kinalala." Kichwa alijua kinalala. Hakujua kwa nini mpaka Jumatano ile.

"Na yule mfupi yuko wapi?"

"Aliacha kazi," Kichwa alisema, akaanza kutafuta shati lake.

Alilazwa kitandani, akashikwa. Hakukuwa na kuvunjwa wala kuteguliwa kama alivyoogopa. Mikono ile ilikaa mahali, ikasukuma kidogo, ikangoja, ikauzungusha mkono wake kwa utaratibu mpaka panapogoma, ikarudi. Alipewa mazoezi mawili ya kufanya nyumbani: kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, na kuuning'iniza na kuuzungusha huku ameinama. Usiku huo alilala saa nne mfululizo, akaamka akashangaa.

Mazoezi aliyafanya kwa bidii. Alichora mstari ukutani kwa penseli pale vidole vilipofika, kesho yake akachora mwingine juu yake kidogo. Aligeuka ili amwambie mtu, "Unaona?" Chumba kilikuwa na kitanda, meza, redio na shati msumarini. Alikaa kitandani. Aliumia, na hapo haikuwa bega. Alimtaka Mkia aione ile mistari, amtanie kwamba mtu mzima anachora ukuta wa mwenye nyumba. Alimtaka mno, na alijua hana uso wa kumtafuta. Mwezi wa tatu wa ule ugomvi usio na maneno alimwona shemeji sokoni, akajibanza nyuma ya lori la matofali mpaka apite.

Siku ya pili kwa mtaalamu, alilala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, anaona sakafu tu na ncha za viatu vya mtaalamu. Mikono ilimkagua muda mrefu.

"Baba, huu ugumu si wa miezi saba," mtaalamu alisema hatimaye. "Huu umekaa. Mimi nashika nisichokiona, kwa hiyo nategemea unachoniambia. Lilianza lini?"

 Kichwa yuko mbele, mtu yuko nyuma yake, hamwoni. Ndivyo alivyozoea kuwa na mtu. Labda angekuwa ameketi anatazamwa usoni asingesema kitu.

"Lilianza mwaka mmoja kabla ya kioo kuvunjika," alisema. "Nililificha. Bosi wetu hana muda na wagonjwa. Sikumwambia hata mwenzangu. Jumapili nilikuwa nashika kikombe kwa mkono wa kushoto, shemeji akaniuliza, nikasema najifunza."

Mikono haikusimama, ikaendelea kumshika.

"Siku ile tulikuwa tunapandisha kioo cha mbele cha duka, kirefu kuliko mlango huu. Ngazi tatu tu. Kwenye ya pili, bega likakata. Mkono uliachia wenyewe, sikuuachia mimi. Upande wangu ukatangulia chini, kioo kikawa chenga. Hakuna aliyekatwa. Bosi alikuwa amesimama pale pale, akauliza, nani? Nikasema, Mkia amegonga miwili."

"Miwili ni kutua."

"Ndiyo. Nikasema ameniambia nitue. Na hakugonga. Hakugonga kabisa. Bosi akamfukuza pale pale bila kuniuliza zaidi, kila mtu alijua mimi namtii Mkia kwa pete tu. Na yule bwana, mdomo wote ule, hakusema hata neno moja. Alinitazama. Akavua glavu zake zisizo na vidole, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye ngazi, akaenda zake. Akamwaga unga wake kwa ajili ya bega langu."

Machozi yalimtoka, yakadondoka kupitia lile tundu moja kwa moja sakafuni, karibu na viatu vya mtaalamu. Mtaalamu alivuta karatasi ya kufutia akampitishia kwa chini ya kitanda.

"Pole, baba," alisema. "Lakini hayo sikuulizi mimi. Mimi nilikuuliza tarehe tu."

Kichwa aliyabeba maneno hayo njia nzima hadi nyumbani. Yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa amekwenda kuungama kwa mtu ambaye hakumkosea, kwenye chumba chenye harufu ya sabuni, halafu akajiona mwepesi. Wepesi wa bure huo.

Ijumaa akapiga moyo konde, akamfuata Bosi kwenye meza ya kukatia vioo. Akamweleza yote, amesimama, kofia mkononi. Bosi aliweka kalamu ya kukatia chini, akakuna shingo.

"Sasa miezi saba yote hii ulikuwa wapi na ukweli wako?"

"Nilikuwa naogopa."

"Mimi nimemfukuza mtu, Kichwa. Mtu aliyenifanyia kazi miaka ishirini na sita. Sikumuuliza hata swali." Bosi alionekana amezeeka ghafla. "Kubeba basi, umeacha. Kuanzia Jumatatu ukae hapa mezani ukate. Na yeye akitaka kurudi, nafasi ipo. Lakini usinitume mimi. Sina macho ya kumtazamia. Nenda wewe uliyesema uongo."

Kwa mtaalamu alirudi mara ya tatu, mkono ukapanda hadi usawa wa sikio. Mtaalamu alifurahi kuliko yeye. Alimwambia ukweli kwamba hautapanda wote, na kwamba hata siku za baridi utamkumbusha, lakini shati atavaa mwenyewe na nywele atachana. "Na lile bega la chini?" Kichwa aliuliza. "Litanyooka?" Mtaalamu alisema litanyooka kiasi, lakini mwili ukishazoea mtu hauachi upesi.

Jumapili alasiri alivaa shati jeupe. Alilivaa kwa dakika moja, amesimama, akafunga vifungo vyote. Akaenda kwa miguu ili apate muda wa kupanga maneno, na kila alipofika kona maneno aliyokuwa ameyapanga yalikuwa yamempotea.

Nyumba ilikuwa ile ile, mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, beseni la kufulia limeinamishwa ukutani. Dirishani aliona mgongo wa kiti chake. Hakuna aliyekuwa amekikalia.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya shemeji.

"Mimi, shemeji. Kichwa."

Ndani kiti kikaburutwa, shemeji akasema kitu kwa sauti ya chini, na sauti nyingine ikamjibu kwa neno moja. Nyayo zikaja hadi mlangoni, nyayo za mtu mfupi, za harakaharaka. Zikasimama. Komeo halikuguswa.

Kichwa alingoja. Alingoja mpaka jirani aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika ili atazame vizuri. Mlango haukufunguliwa. Basi akausemesha mlango.

"Mwenzangu, najua uko hapo. Usifungue kama hutaki. Hukugonga. Siku ile hukugonga miwili, hukugonga hata mmoja. Bega langu lilikuwa bovu mwaka mzima, nikakuficha, tena nakula mezani kwako. Mkono uliniachia, nikaogopa kazi, nikakutia wewe mdomoni mwa Bosi. Nimekwisha mwambia Bosi. Anasema nafasi yako ipo, lakini sikuja kwa habari ya kazi. Nimekuja kukwambia hukugonga. Basi. Ni hilo tu."

Akasikiliza. Mtu yule ambaye alikuwa na la kusema juu ya viatu, juu ya mpira, juu ya kila dirisha la mji huu, hakusema kitu. Kichwa alisikia anavyopumua upande wa pili wa chuma. Ukimya ule ulikuwa wa siku ya ngazi, haujapungua hata kidogo, na Kichwa alijua ni haki yake kuupata.

"Wasalimie watoto," alisema.

Akageuka, akaupa mlango mgongo, akaanza kuondoka. Hatua moja. Ya pili. Alikuwa anaitazama njia ya kurudi chumbani kwake, ndefu, na jioni nzima bado.

Tuk.

Pete kwenye chuma. Mlio mmoja.

Mguu wake ulisimama kabla yeye hajafikiri. Alingoja wa pili, haukuja. Wa tatu, haukuja. Ulikuwa mmoja tu. Na katika miaka ishirini na sita mlio mmoja haukuwahi kuwa na maana ya nenda, wala potelea mbali. Hawakuwahi kuwa na mlio wa kufukuzana. Ulikuwa na maana moja: simama, sijashika vizuri.

Kichwa hakugeuka. Bega la kulia, lile alilolinyoosha wiki tatu kwa ukuta na penseli, likaanza kushuka lenyewe, polepole, hadi kwenye kimo cha mtu mfupi. Liliuma. Aliliacha liume. Akasimama pale uani na mgongo wake kwa mlango, akamsubiri mwenzake ashike vizuri.